98 kwenye kidole cha bibi

Saa nane na nusu usiku, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda, nilimvalisha bibi kile kidude cha kupima oksijeni kwenye kidole cha shahada. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Mwanga wote wa chumbani ulikuwa ule mwekundu wa kidude, na ule wa makaa. Namba zikachezacheza, zikatulia.

98.

Nikashusha pumzi. Bibi alikuwa analalamika kwamba kichwa kinamzunguka, na changu kilikuwa kinagonga tangu saa sita, lakini 98 ni namba nzuri. Tangu miaka ya korona kila mtunza wazee huku anazijua namba hizi kama anavyoijua namba yake ya simu. Nikasema moyoni, ni mafua, yamejaa kijiji kizima. Nikamfunika vizuri, nikayasogeza makaa karibu na miguu yake, nikarudi kwenye kochi langu.

Hii ni wiki ya saba. Bibi yupo, mimi nipo.

Ile 98 hainitoki.

## Makaa

Tunaishi kwenye vilima vya Scansano, Maremma, kusini mwa Toscana. Nyumba ni ya mawe, ya wakulima wa zamani. Jirani wa karibu yuko zaidi ya kilomita moja, na barabara ya kutufikia ni ya changarawe nyeupe. Bibi ninayemtunza ana miaka 91. Mimi namwita nonna kama wajukuu zake wanavyomwita, yeye ananiita figliola, binti. Huu ni mwaka wa nne nalala chumba kimoja naye.

Usiku ule tramontana, upepo wa kaskazini, uliangusha nyaya mahali fulani. Stufa yetu ya kupasha joto nyumba inakula vidonge vya mbao, lakini mota ndiyo inayoilisha na feni ndiyo inayosukuma joto, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inazima. Kufika saa tatu usiku mikono ya bibi ilikuwa ya baridi kama bomba. Jikoni kulikuwa na meko ya ukutani yenye makaa mazuri. Stoo kulikuwa na karai la chuma la kizamani, lenye miguu mitatu.

Mtu aliyekulia Njombe haulizi afanye nini.

Mwezi wa sita na wa saba, mama alikuwa anawasha jiko la mkaa uani, anasubiri moshi uishe wote, kisha analiingiza chumbani tulikolala watoto wanne. Kanuni niliyokua nayo ni hiyo: mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umekwisha, hauna neno. Usiku ule niliifuata kwa uangalifu. Nilichagua makaa moja moja kwa koleo, nikayaacha yote yaliyokuwa bado yanafuka.

Kanuni hiyo ilikuwa nusu tu, na ile nusu nyingine ilikuwa kwenye nyumba yenyewe. Nyumba yetu ya Njombe ilikuwa na mwanya kati ya ukuta na bati, unapitisha mkono, na mlango wa mbao uliopinda. Asubuhi tulikuwa tunaona ukungu umeingia ndani. Chumba cha nonna kiliwekewa madirisha mapya miaka mitatu iliyopita, vioo viwili viwili na mpira kuzunguka fremu, ili joto lisipotee. Na lile tundu la hewa kwenye ukuta wa jikoni, ambalo lazima liwepo kwa ajili ya jiko la gesi, nililiziba kwa kitambaa mimi mwenyewe mwezi wa kumi na moja, kwa sababu lilikuwa linapuliza baridi kwenye mgongo wangu nikiosha vyombo.

Kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, haina moshi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inatoka pale kitu kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha, na makaa mekundu yaliyotulia, yale tunayoyaita masafi, yanaitoa kwa wingi.

## Dakika kumi na moja

Karibu saa tisa bibi aliniita tena. Nilipoinuka, magoti yaliisha nguvu. Sikujikwaa. Yaliisha tu, kama ya mtoto anayejifunza kusimama.

Nikatambaa hadi dirishani. Natamani niandike kwamba nilikuwa nimeshaelewa. Ukweli ni kwamba nilitaka kutapika na sikutaka kuchafua sakafu. Nikafungua dirisha, upepo ukanipiga usoni, na baada ya pumzi kadhaa akili ikaanza kurudi. Iliporudi, ikaenda moja kwa moja kwenye lile karai.

Nililitoa nje. Nikarudi, nikafungua dirisha la pili na mlango. Nonna hawezi kutembea peke yake, kwa hiyo nilimteremsha kwenye blanketi na kulivuta hadi barazani, huku nikimwambia aendelee kuzungumza. Akawa anasali.

Kisha nikashika simu.

Orodha ya simu za usiku ule bado ninayo, sijaifuta. Simu ya kwanza ni saa tisa na dakika moja, kwa mtoto wa nonna, anayeishi Milano. Haikupokelewa. Saa tisa na tatu, yeye tena. Kisha ujumbe wa WhatsApp, kisha simu kwa mpwa wa nonna, kisha Milano kwa mara ya tatu. Simu ya 112, namba ya dharura, ni saa tisa na dakika kumi na mbili.

Wenzangu tunaofanya kazi hii mtanielewa. Hakuna aliyewahi kuniambia nisiite ambulensi bila ruhusa. Lakini kila nilipomwita daktari, siku ya pili niliulizwa kwa upole kama kweli ilikuwa lazima. Ukiulizwa hivyo mara tatu, kidole chako kinajifunza kupiga kwanza Milano.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nalisema kwa aibu. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kimeisha mwezi wa kumi na mbili, nilikuwa na ile risiti ya posta tu, ya kuonyesha kwamba nimeomba kipya. Najua risiti ile inatosha. Mchana najua. Usiku, mikono ikitetemeka, niliona sare na maswali.

Baadaye muuguzi mmoja aliniketisha akanieleza kitu ambacho nimekaa nchi hii miaka tisa bila kukijua. Sheria ya wahamiaji ya Italia ya mwaka 1998, kifungu cha 35, inawakataza watu wa afya kumripoti mgonjwa kwa sababu hana karatasi. Asiye na kibali kabisa anaweza kupewa namba ya STP, ya mgeni aliyepo nchini kwa muda, na kupata matibabu ya dharura na yale ya lazima. Kama unaye ndugu anayechuma nyanya Puglia au anayelala kwenye banda la mifugo na kuogopa hospitali, msomee sentensi hizo mbili leo.

Kumi na moja. Nimezipiga hesabu kila upande. Tulikuwa tumeshatoka chumbani, daktari anasema hazikubadilisha kitu. Nami kila siku nafikiri: je, kama nisingetaka kutapika?

## Waliokuja

Wa 112 aliniuliza tuko wapi, nikakwama. Nyumba yetu haina namba, ina jina tu, na kuna nyumba nyingine mbili bondeni zinazofanana nayo kwa jina. Nikaeleza: baada ya kanisa dogo, kushoto, mzeituni mkubwa uliopasuka. Akaniambia tusirudi ndani, tusifunge kitu, na kama naweza niwashe tochi ielekee barabarani. Sasa ninayo kwenye simu programu ya 112, Where ARE U, inayotuma mahali ulipo bila wewe kueleza mizeituni, na karatasi yenye vipimo vya ramani imebandikwa juu ya meza ya simu.

Walikuja vijana wawili na mzee mmoja wa Misericordia, watu wa kujitolea. Huku Toscana ambulensi nyingi ni za vyama kama hivyo, na asili ya chama hicho inahesabiwa kuwa Firenze, karne ya 13. Mzee alipovuka mlango wa chumba, kidude kidogo kilichoning'inia kwenye mkoba wake kikaanza kulia. Madirisha yalikuwa wazi kwa zaidi ya nusu saa, na bado kililia.

Akaniangalia, akauliza neno moja. "Braciere?" Karai la makaa.

Nikaitikia kwa kichwa. Akamwinamia nonna, akaona kipimo chetu bado kipo kwenye kidole chake, bado kinaonyesha namba nzuri. Akakivua taratibu, akanikabidhi mkononi.

"Hiki, kwa jambo hili, hakisaidii."

Hospitali walitupa oksijeni kwa barakoa, kila mmoja na kitanda chake, na kutupima damu. Daktari kijana alinichorea kwenye karatasi. Damu hubeba oksijeni kwa himoglobini. Kaboni monoksaidi huing'ang'ania himoglobini hiyo hiyo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, ikakalia viti vyote, oksijeni ikabaki imesimama mlangoni. Kile kidude cha kidoleni hupitisha mwanga na kusoma wekundu wa damu. Damu iliyobeba sumu hii nayo ni nyekundu. Kidude kinaona wekundu, kinasema 98.

Kwenye hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne au tano kuitoa nusu tu ya sumu hiyo. Kwenye oksijeni safi ni kama saa moja na nusu. Ndiyo maana huambiwi ukanywe maziwa ulale.

Ile karatasi nimeikunja, nimeiweka ndani ya Biblia yangu.

## Nilichokuwa nakiogopa

Nilipohamia huku kutoka Roma, mama aliniuliza kwenye simu kuna hatari gani. Nikamjibu, mama, huku ni salama, hakuna malaria.

Hofu zangu za mwaka wa kwanza zilikuwa za mtu wa shamba. Nyoka kwanza. Wapo vipera, nyoka wenye sumu, kwenye kuta za mawe, na nimeshika haraka yale wanayoyasema hapa: kaa tulivu, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, piga simu. Kupe pia. Nikitoka porini najikagua kinenani na nyuma ya magoti, nawang'oa kwa kibano karibu na ngozi, bila mafuta wala kiberiti, kisha naandika tarehe kwenye kalenda ili wekundu ukianza kutanuka siku au wiki zinazofuata nijue pa kuanzia kumweleza daktari. Na wawindaji. Kwa sheria ya Italia uwindaji hauruhusiwi Jumanne na Ijumaa, basi katika msimu wao mboga zangu za porini nachuma siku hizo mbili, nimevaa kizibao cha rangi ya chungwa hata hivyo.

Malaria sikuifikiria hata kidogo, mpaka nonna aliponisimulia. Maremma ilikuwa nchi ya malaria. Kiangazi ofisi za Grosseto zilifungwa na watumishi kupanda hapa Scansano kukimbia homa, miaka na miaka, hadi mwishoni mwa karne ya 19. Mama yake nonna alimeza kwinini ya serikali, iliyouzwa kwenye maduka ya chumvi na tumbaku. Italia ilitangazwa kuwa haina malaria mwaka 1970. Hata neno lenyewe ni la kwao, mal'aria, hewa mbaya.

Nasi tumewapa neno. Mwaka 2007 vijiji viwili karibu na Ravenna viliugua homa ya viungo iliyoenezwa na mbu wa mistari, na gazeti likaandika chikungunya, neno la Kimakonde, la watu wa kusini mwa Tanzania, ambao ugonjwa wao ulielezwa na madaktari baada ya mlipuko wa 1952. Kujikunja kwa maumivu. Mimi namwaga maji ya visahani vya maua kila wiki kwa sababu ya hilo, na nonna anafurahi kuniona namwaga.

Hewa mbaya, lakini, niliitia mwenyewe chumbani kwa koleo.

## Prete

Siku ya nne baada ya kurudi, nonna alinituma darini nikamletee kitu. Kilikuwa fremu ya mbao zilizopindwa, kama kiunzi cha mtumbwi mdogo. Akasema hiki kinaitwa prete, padre. Utotoni mwake waliweka fremu hiyo chini ya blanketi, ndani yake wakaning'iniza chungu cha makaa yaliyofunikwa majivu, kitanda kikapata joto.

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha unakitoa. Unakitoa kabla hujapanda kitandani. Mama yangu alikuwa anatuchapa kwa hilo."

Nikakaa kimya. Nonna alikuwa macho wakati naingiza karai. Aliniona nikiliweka, aliniona nikilisogeza miguuni pake. Ikanibidi nimuulize, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka: nonna, kwa nini hukuniambia?

Alifikiri sana. Mikono yake ilikuwa inapapasa ile fremu.

"Nilikuona una hakika, figliola. Nikasema, huko kwao bila shaka wanajua zaidi. Na nilikuwa nasikia baridi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jambo hili halinitoki. Sikukosa ujuzi usiku ule. Nilikuwa nao, wa mama yangu, na nonna alikuwa nao, wa mama yake, na kila mmoja alimwachia mwenzake kwa heshima. Mimi niliheshimu kidude. Yeye aliniheshimu mimi.

Tangu siku hiyo nauliza kila kitu. Vuli iliyopita, kabla ya haya yote, nilikuwa nimeokota uyoga mweupe wenye pete shingoni na kikombe chini, nikafurahi, kwa sababu nyumbani kwenye miombo upo uyoga wa sura hiyo hiyo na watu wanaula kwa hamu. Mvua ilinyesha, ukaoza kikapuni kabla sijaupika. Sasa nimeufikiria tena. Pete na kikombe ndizo alama za Amanita phalloides, uyoga unaoua ini. Unaula, hauumwi kitu kwa saa sita au zaidi, unaharisha, unapata nafuu ya uongo, na wakati huo ini linakufa. Huku idara ya afya, ASL, ina wakaguzi wa uyoga, unawapelekea kikapu kizima wanakukagulia bure. Sitaula tena uyoga wa porini ambao hawajauona.

Zima moto walipokuja kukagua nyumba, walivuta kile kitambaa changu kutoka kwenye tundu la jikoni, wakakiweka mezani bila kusema neno. Kwenye duka la vifaa nimenunua king'ora cha kaboni monoksaidi kilichoandikwa EN 50291, kwa bei isiyofika yuro 40. Nimekifunga chumbani. Kina betri yake, hakitegemei umeme.

## Simu ya Njombe

Mama sikumwambia kwa wiki tano. Nilijua ataniambia nirudi.

Jumapili iliyopita nilimpigia. Kamwene mama, tukasalimiana, tukamaliza habari za mahindi na za shule ya watoto wa kaka. Kisha nikamwambia yote: makaa, magoti, kidude, oksijeni. Nikamweleza ile picha ya daktari, viti vilivyokaliwa. Nikamweleza habari ya madirisha, kwamba kwetu bati lilikuwa na mwanya.

Hakunikatiza, na mama ni mtu wa kukatiza.

Kisha akaniuliza, "Hiyo hewa, ukisema haina moshi, una maana haina kabisa?"

"Haina kabisa, mama."

"Na mtu analala tu."

"Analala tu."

Mama mdogo, mdogo wake wa mwisho, alikufa nikiwa darasa la pili. Walikuwa wamehamia nyumba mpya mwezi huo, ya tofali za kuchoma, na dari, na madirisha ya vioo, ya kwanza mtaani. Yeye na mtoto wake mchanga. Baba mdogo alikuwa safarini Makambako. Watu walisema mengi kuhusu nyumba ile na kuhusu shemeji mmoja ambaye hakufurahia ijengwe, na shemeji huyo alihama kijiji, hakurudi hata kwa mazishi ya baba yake. Nyumbani hatukuwahi kuyazungumza.

Nilisikia mama akivuta pumzi.

"Mimi ndiye niliyeingia wa kwanza asubuhi ile," akasema. "Jiko lilikuwa pale chini ya dirisha. Lilikuwa bado na moto kidogo. Nikalitoa nje, mwanangu, nikalitilia mkaa. Nikabandika maji ya kuwaoshea."